Kerezo la Mashine ya Kufulia

Jumatatu, 3 Machi

Nimeipata! Mashine ya kufulia ya shangazi imekufa — dramu imepasuka — naye alikuwa anaitupa. Nikamwambia, shangazi, ngoja kwanza! Nimeifungua palepale uani. Mota nzima kabisa, kaboni zake za kupitisha umeme bado ndefu. Nimeikumbatia njia nzima kama mtoto mchanga.

Sitaki makuu. Nataka kerezo la umeme karakanani, ili baba akereze miguu ya viti akiwa ameketi. Lile lake la kukanyaga, goti limemkatalia tangu mwaka jana. Sasa anashinda nyumbani anagombana na redio. Baba yangu mimi! Mtu aliyekuwa akienda kazini hata na homa. Inaniuma.

Jumanne, 4 Machi

Nimeiwasha sakafuni, kuijaribu tu. Kosa! Haina mkanda, haina mzigo — imelia kama inachinjwa, ikaruka, ikaparamia kopo la vanishi. Fundi cherehani wa jirani akachungulia. Eti siku hizi tunafua mbao? Nikamwambia alete na suruali zake. Tumecheka.

Alhamisi, 6 Machi

Puli, mkanda, swichi ya kupunguza mwendo — vyote mahali pake. Nikafunga kipande cha mbao, nikawasha. Inazunguka! Taratibu, bila kelele. Nikaegemeza patasi.

Ikarushwa juu! Imenikosa sikio kidogo tu.

Mbao ilikuwa inazunguka kinyume. Inapanda badala ya kunishukia. Nimekaa chini nikawaza weee. Kumbe! Nyaya zote nimeziunga nikiwa nyuma ya meza, upande wa ukutani. Kwa mtu aliyesimama ukutani ilikuwa sawasawa kabisa! Nimejicheka peke yangu. Nimechomoa plagi, nimebadilisha nyaya mbili za kaboni, hii hapa, ile kule. Basi.

Ijumaa, 7 Machi

Mguu wa kwanza umetoka! Mwororo! Nimempelekea baba. Akaupitishia kidole gumba, juu mpaka chini. Akasema umeme ni wa wavivu. Akasema shingoni nimekwaruza. Mama akanikonyeza.

Kisha, macho kwenye redio, akauliza hiyo meza ina urefu gani.

Jumamosi, 8 Machi

Amekuja!

Na fimbo yake, akiguna njia nzima. Akaizunguka mashine. Akauliza sabuni inawekwa wapi. Akaketi, akawasha mwenyewe. Mguu wa kwanza kautupa. Wa pili kautupa. Wa tatu — ah! Wangu haufui dafu. Fundi cherehani kaja kuushika, hataki kuurudisha.

Halafu baba kaanza kunigombeza. Stuli fupi. Patasi butu, nani kaziacha hivi? Hiki nacho ni kibano? Sijagombezwa humu karakanani mwaka mzima. Raha iliyoje!

Naandika nikiwa juu ya gunia la maranda. Nilisema leo nami nikereze wangu. Nimemwambia baba ni zamu yangu — anakereza tu. Mama kapiga simu mara mbili, chakula kinapoa. Nimemwambia hilo pia. Kanyoosha mkono bila kunitazama, maranda yamemjaa ndevuni. Eti nimpe mbao nyingine, na nisogee, namzibia mwanga.