Ng'ombe wa Mwezini

Karatu, Jumatano

Bado nacheka. Tangu juzi nimekwama kwenye ule mchezo wa mafumbo wa kompyuta. Mwezini kuna ng'ombe mwenye pembe za vijiko, na bila maziwa yake mlango haufunguki. Nimejaribu ndoo, tarumbeta, hata mwavuli. Wapi!

Jioni mama akachungulia. Tangu tuuze ng'ombe wake tukamleta huku mjini amekuwa kimya mno, hadi naogopa.

"Ndama yuko wapi? Anyonye kwanza, ndipo ukamue."

Na mimi nimekulia Ngorongoro nikikamua!

Nikabofya huku na huku, nikamkuta ndama kalala ndani ya saa ya ukutani. Akanyonya, maziwa yakatoka, mlango ukafunguka. Mama akapiga vigelegele.

Nilipotaka kuzima kompyuta, akanishika mkono.

"Utazimaje, na ng'ombe hajaingia bomani?"