Simu ya Babu Yako Iko Brazili

Hapana, Boke mjukuu wangu, kompyuta haijui yenyewe kwamba iko Tarime. Lakini marahaba kwanza! Furaha ya ndoa imenisahaulisha salamu. Hatujambo, mahindi yamebeba, na babu yako mpya ananiita "bibi harusi" hata mbele ya ng'ombe.

Kompyuta hutunza saa moja ya dunia nzima. Mtandao au mwenye simu huitajia mji, nayo huongeza au hupunguza saa kufuatana na mji huo. Nilijifunza hayo tukiwa wachumba. Kaka yangu wa Nyamwaga alikuwa ameapa, "Huyo mzee akichelewa, hakuna ndoa." Basi nikamtumia mchumba wangu miadi kwenye kalenda ya simu: Jumamosi alfajiri, saa kumi na moja, anipitie Issenye twende kwa kaka.

Akatokea Ijumaa jioni, nikiwa nanyonyoa kuku!

"Wewe mzee, mbona leo?"

"Simu imeandika Ijumaa, 11:00. Au nirudi Ringwani?"

Kumbe alichagua mji wa Brazili, ulio nyuma yetu kwa saa sita, ili 8:00 ya asubuhi isomeke 2:00, kama tunavyoitamka. Alfajiri yetu ya Jumamosi, kule bado ni Ijumaa, 11:00 ya usiku, naye akaisoma saa kumi na moja jioni. Simu haikukosea: wakati ni uleule, umeandikwa kwa macho ya mji mwingine. Nilishangaa, nikampenda zaidi!

Akalala kwa jirani, na kesho yake tukafika Nyamwaga kaka akiwa bado hajanywa chai. Akacheka, akakubali.

Tutakuja kukuona kabla mwezi huu haujaisha. Tukibisha hodi siku moja mapema, tufungulie tu.

Bibi yako