Watu wa Barafuni

Jumatatu, 4 Machi 2024

Kazi mpya! Filamu ya merikebu ya zamani ya kuwindia sili, huko Aktiki. Sauti ya Kiswahili ni mimi. Sili ni mnyama wa baharini, mnene, ana masharubu. Wanaume wanaruka toka barafu hadi barafu, wanampiga rungu, wanachuna ngozi na mafuta yake, wanaburuta hadi merikebuni. Sitaha inateleza kwa damu. Wanalala na nguo zilezile. Kazi gani hii?

Abubaker, mwenye studio hapa mtaani Kamwokya, analalamika: "Amony, unasoma mbio." Kweli nakimbia, akili haiko hapa. Mdogo wangu Bonny yuko Uarabuni, mlinzi wa ghala. Hajapiga simu tangu Januari.

Jumatano, 6 Machi

Nimepanda mtaa wa Nakasero kwa wakala aliyempeleka Bonny huko, Bwana Ocira. Adabu tele, chai mezani. Eti Bonny alishahamishiwa kampuni nyingine, nikamwulize wakala wao, Hajati Sumayiya. Nimemfuata huyo, naye kafungua kompyuta: jina analo, mtu hajampokea. Alidhani Ocira amembakisha. "Labda yuko kulekule, dada," akaniambia. Kulekule wapi?

Mama kauliza kama Bonny amepiga. Nimesingizia mtandao. Nina hofu, basi.

Alhamisi, 7 Machi

Leo filamuni merikebu ni mbili. Nahodha wa kwanza anashusha watu barafuni: windeni, mtalala merikebu ya pili. Wa pili anawanywesha chai, anawaonyesha sili walipo, anaondoka — si watarudi kwao? Dhoruba ikavuma, watu bado wako barafuni. Kila nahodha anakula chakula chake kwa amani. Hakuna aliyepiga honi. Apige ya nini? Kwake hakuna aliyepotea.

Nimeacha kusoma. Abubaker kazima mashine, kaniletea maji. Nikamweleza habari za Bonny. Akauliza: "Sasa hao mawakala wawili, ulishawaketisha pamoja?"

Sijawaketisha! Nimekuwa mpira, napigwa huku na huku, nasema asante.

Ijumaa, 8 Machi

Sikukuu ya wanawake. Ofisi zimefungwa. Nimefua hata nguo safi.

Jumatatu, 11 Machi

Ocira alitaka kumpigia Hajati simu tu. Nimekataa. Nimebeba mkoba wake mwenyewe mpaka kwenye pikipiki ya boda, ikabidi anifuate.

Naandika hapahapa ofisini kwa Hajati, kiti nimekiegemeza mlangoni. Wamesalimiana vizuri, ni watu wa kujuana. Wakauliziana watoto, wakacheka. Kisha Ocira, kwa adabu yake ileile: "Na vijana yangu? Iko salama kwako?"

Vijana. Sikujua kama wako wengi.

Hajati katabasamu, labda ni utani. "Vijana gani? Si walibaki kwako?"

Ocira ameweka kikombe chini. Simu ziko mezani, zote mbili. Hakuna anayeigusa yake kuuliza Uarabuni. Wananiangalia mimi, kwa upole, kama vile nitasema asante na kuondoka —