Hata Abee Yangu Ameichukua

Nyumbani, chumba cha uani,
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, maana najua zamu za wodini hazikupi nafasi ya kukaa. Goti linaendeleaje? Na mapacha, bado wanagombania upande wa dirisha? Sisi huku tu wazima. Bibi anakula vizuri, Baba anafufua majokofu ya watu huku letu likivuja, na Mama ameinamia sare za shule tangu mwezi uliopita.

Shangazi, nakuandikia wewe kwa sababu ambayo si nzuri. Binamu yangu, mtoto wa mama mdogo, si damu yako. Kwa hiyo wewe naweza kukuambia kwamba nimemchoka.

Kama Baba alivyokueleza kwenye simu, sote wawili tumeitwa kwenye mtihani wa jeshi la anga, ule wa kupima nani anafaa kufundishwa urubani. Ni Alhamisi hii. Yeye amehamia kwetu tangu Januari ili tusome pamoja. Tunasoma pamoja hivi: yeye anakaa mezani, mimi naosha vyombo. Nikinung'unika, Mama anasema, "Mwache mgeni asome." Mgeni gani, Shangazi, anayejua sukari inafichwa wapi?

Ni mrefu, unamkumbuka. Wameandika kwamba miguu lazima ifike kwenye pedali. Yake ingefika hata akikaa viti vya nyuma. Yangu inafika nikisogea ukingoni. Hesabu za kichwa namshinda, ila sijui kujisifu, kwa hiyo hakuna anayejua.

Linaloniua ni sehemu ya kusikiliza. Unavalishwa hedifoni, unapewa jina la kuitwa ukiwa angani, halafu sauti zinaita majina chungu nzima huku unafanya hesabu. Likitajwa lako, unabonyeza kitufe. Likitajwa la mwingine, unanyamaza. Hapa nyumbani tunagonga meza, na Baba ndiye anayesoma majina. Yeye alimpa jina la Tai. Mimi akanipa Chiriku. "Labda litakufungua mdomo," akasema, wakacheka wote wawili.

Sasa mimi ni mtu wa kuitwa. Mama akiita "We mtoto!" ni mimi. Mteja wa sare akibisha hodi, ni mimi. Bibi akisahau na kuita jina lako wewe, naitikia mimi. Kwa hiyo Baba akisoma Kunguru, nagonga. Akisoma Mwewe, nagonga. Juzi alisoma Bundi, nikasema "Abee!" kwa sauti kabisa. Baba akaiweka karatasi chini.

"Chiriku, rubani wa kuitikia kila mtu atakuja kutua sokoni."

Binamu alicheka mpaka akajifuta machozi. Yeye hakosei hata kidogo. Atakoseaje? Kwao anayeita ni yeye.

Na mimi nautaka urubani huu, Shangazi. Sijawahi kutaka kitu hivi. Ndege ikipita natoka nje na povu mikononi. Nikishindwa Alhamisi, kuna kiti cha pili kando ya cherehani ya Mama, na ameshaanza kukifuta vumbi.

Jana ilikuwa zamu yangu kugonga. Baba anasoma, mimi najumlisha, mara Mama akaita kutoka sebuleni, "We mtoto, niletee uzi!" Ulimi ulishaanza safari, nikauuma. Akaita tena, kwa ile sauti unayoijua. Nikainamia hesabu zangu. Baba akasema Chiriku, nikagonga. Akasema Tai, nikanyamaza. Jasho lilinitoka kana kwamba nimeiba.

Basi huyo binamu, aliyekuwa amejilaza na kitabu kitandani, akainuka. "Abee, Mama Mkubwa!" Sauti tamu kama si yake. Akapeleka uzi.

"Ubarikiwe mwanangu," nikamsikia Mama. "Huyu wangu masikio ameshayatanguliza jeshini."

Baba akaniambia nimepata zote. Zote, Shangazi, kwa mara ya kwanza! Nilitaka Mama asikie, lakini alikuwa bado anambariki mwenzangu. Miaka yote naitikia, hakuna aliyewahi kunibariki kwa ajili ya uzi. Yeye mara moja tu. Hata hiyo abee ilikuwa yangu.

Najua si vizuri. Kila usiku namwombea afaulu, ila dua yake inakuwa fupi. Yangu inaendelea mpaka nasinzia.

Nina ombi moja. Jumatano ukipiga simu kututakia heri, Mama atampa mgeni simu kwanza, kama kawaida. Tafadhali sema unanitaka mimi. Usinifundishe chochote, niulize tu nimepata ngapi. Mama atakuwa amesimama pale karibu, kwa hiyo niulize mara mbili.

Msalimie mume wako na mapacha. Bibi, Baba na Mama wanakusalimu sana. Na mgeni naye ameniomba nikusalimie. Haya, nimekusalimia.

Mungu akulinde katika zamu zako na alipoze hilo goti.

Ni mimi nikupendaye, kumshinda yeye,
Binti wa kaka yako