Kwa Bi Majira, Aliyefundisha Watoto kwa Kuangalia Mbingu

Mwaka umezunguka, Mama, tangu asubuhi ile maji yalipofunika daraja na gari lililokubeba kwenda hospitali likashindwa kuvuka. Ulilaza kichwa mapajani mwa mdogo wako, yule ambaye sisi wanao tunamwita Mama Mdogo. Kila baada ya muda ulimuuliza, "Yamepungua?" Naye akakujibu, "Yanapungua, Dada." Hayakuwa yakipungua. Ulikata roho upande huu wa daraja, dereva akiwa amesimama nje kwenye mvua, anayatazama maji.

Tungependa kuandika kwamba tumepoa. Hatujapoa, na wewe hukupenda mtu adanganye kanisani wala gazetini.

Ulikuwa fundi cherehani. Nusu ya watoto wa mtaa huu walivaa sare ulizoshona wewe, za pindo refu, ili nguo iwasubiri wakue. Jumamosi mchana uliifunika cherehani, ukatandika mkeka, na chumba chako cha kazi kikawa darasa la Biblia. Ulichora kwa chaki ya kukatia nguo juu ya kitambaa cheusi: safina, mganda wa ngano, kunguru waliofanana na kuku. Watoto walikucheka. Ukawaambia kunguru wa zamani ndivyo walivyokuwa, na asiyeamini aende akawaulize.

Walikuita Bi Majira kwa sababu hukupanga masomo kwa tarehe, ulipanga kwa majira ya mwaka. Mwinjilisti alikuletea kitabu cha ratiba, ukakitumia kukandamizia karatasi za vipimo zisipeperuke. Siku moja akaja mwenyewe. "Mama, kitabu kinasema wiki hii ni Nuhu." Ukachungulia dirishani, jua linawaka. "Kitabu kimesema, mwinjilisti. Mbingu bado hazijasema." Kwako somo halikuanza mpaka watoto waliguse kwa mikono yao. Mfano wa mpanzi ulingoja maharage yachipue kwenye makopo ya dirishani. Ruthu alingoja magunia ya mavuno yaanze kupita barabarani. Kiangazi, matope yakishageuka vumbi, alikuja Eliya na ukame wake. Na Nuhu hakuingia darasani mpaka watoto wenyewe waingie na miguu iliyolowa.

Ulikuwa mbishi, tuseme ukweli. Mwaka ule mvua zilipochelewa, uliwakalisha watoto na Eliya mpaka mzazi mmoja akaja kuuliza kama kurasa nyingine za Biblia yako zimepotea. Baba akakutania, "Mke wangu, huyu nabii sasa tumtandikie kitanda." Ukamrushia kipande cha kitambaa. Mwinjilisti alinuna kidogo, lakini ulipomshonea kanzu ya ibada bila malipo akasahau.

Ulipoondoka, darasa lilimwangukia Mama Mdogo. Hakuliomba. Watoto walikuja tu Jumamosi, wakakaa mkekani, wakamtazama. Akashika pale ulipoachia. Maharage yakachipua, mavuno yakapita, kiangazi kikaja na Eliya akaja nacho. Tukapumua. Tukasema, angalau hili halikufa.

Kisha mvua zikaanza, na Eliya hakuondoka.

Jumamosi ya kwanza ya mvua, Mama Mdogo alifundisha ukame. Iliyofuata, ukame tena. Watoto wanaingia wanachuruzika maji, viatu vimejaa tope, naye anawasimulia jinsi kijito kilivyokauka. Alimaliza kunguru wanaomletea nabii chakula, akahamia kwa mjane na unga wake, akarudi kwa kunguru. Lile wingu dogo lililoleta mvua hakulifikia hata siku moja. Mvulana mmoja akanong'ona, "Hawa kunguru hawachoki?" Wenzake wakacheka, lakini wiki iliyofuata mkeka ulikuwa na nafasi nyingi.

Sisi tuliona, tukanyamaza. Tungeanzaje kumwambia? Aliyesikia mvua ile ikipiga paa la gari ni yeye, sisi tulikuwa nyumbani. Baba ndiye aliyejaribu, wakinywa chai. "Shemeji, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga."

"Shemeji," akamjibu taratibu, "maji usinitajie."

Baba aliweka kikombe chini. Maskini, methali ilimtoka kabla hajaifikiria, na kutwa nzima hakujua auweke wapi uso wake. Jioni yake Mama Mdogo akatuambia anataka darasa lifungwe, cherehani iuzwe, chumba kipangishwe. Hakuna aliyepinga, kwa kuwa hatukuwa na haki ya kumlazimisha. Ila kila mmoja wetu alienda chumbani kwake akijua kwamba tunakaribia kukuzika mara ya pili.

Aliyemzuia si sisi. Ni binti wa fundi rangi, yule mwenye pengo mbele. Jumamosi ile aliyosema ingekuwa ya mwisho, mvua ilipiga bati mpaka Mama Mdogo akawa anapaza sauti kuwaeleza kwamba nchi nzima haikuona tone la maji. Mtoto akanyoosha mkono.

"Mwalimu, lakini sisi tumelowa."

Hakusema kwa utundu. Alikuwa anatetemeka, meno yanagongana. Mama Mdogo akamtazama kana kwamba ndiyo kwanza anamwona ameingia. Akavuta jora la kitambaa cha sare lililobaki mezani kwako, akamkausha kichwa, akamkausha wa pili, akaendelea mpaka akawamaliza wote. Somo lilikomea hapo. Jora liliharibika, na ungelia ukiliona, lakini habari ya kuuza cherehani hatukuisikia tena wiki ile.

Jumamosi iliyopita akachora safina. Safina ikatoka kama kiatu. Tulisimama mlangoni, sisi wanao na Baba, na mwinjilisti nyuma yetu anakung'uta mwavuli. Akasimulia mvua, wanyama, mlango kufungwa. Alipofika pale ambapo Mungu anamkumbuka Nuhu, akaweka chaki chini. Binti wa fundi rangi akadhani ni nafasi ya maswali.

"Mwalimu, na wale walioachwa nje? Wao Mungu aliwakumbuka?"

Mama, hatujui wewe ungemjibu nini. Sisi ulitufundisha kwamba wa nje walikuwa waovu, tukameza bila kutafuna. Sasa haipiti kooni. Wewe hukuwa mwovu, na mlango ulifungwa ukiwa nje. Tumelisema hili kwa Mungu kwa hasira, tena zaidi ya mara moja, na tunakuomba usituonee haya.

Mama Mdogo akachuchumaa mbele ya yule mtoto. "Sijui, mwanangu. Kwa kweli sijui."

Mtoto akafikiri kidogo. "Basi tuwakumbuke sisi."

Wakafumba macho bila kuambiwa. Mmoja akamtaja babu yake. Mwingine akamtaja mbwa wake aliyegongwa na gari, na hakuna aliyecheka. Wengine wakakutaja wewe, wakakosana kidogo nani aanze. Mama Mdogo alikuwa wa mwisho. Tangu tulipokuzika hatujamsikia akikutaja kwa sauti. Akasema, "Dada yangu." Mvua ikaendelea kunyesha. Mwinjilisti angeweza kusema kwamba maombi ya namna ile hayamo kwenye kitabu chake. Alivua kofia.

Unakumbukwa na mumeo, fundi viatu, ambaye bado analalia upande wake tu wa kitanda. Na sisi wanao, na wakwe zako. Na wajukuu, pamoja na yule uliyemwachia gauni ambalo hukuwahi kulitia mikono. Na mdogo wako, ambaye jana ameuliza ni nani ana maharage ya mbegu. Na watoto wote wa Jumamosi.

Majibu hatuna, Mama. Kukukumbuka tunaweza, na tutakukumbuka daima.