Jani la Isale Kwenye Kompyuta

Jumatatu, 4 Oktoba

Godlisten, wewe ni mpumbavu aliyevaa tai. Ningemwambia hivyo usoni kama wanachama wasingekuwa wamesimama mlangoni. Nayaandika hapa yasinikabe koo.

Asubuhi ilikuwa kama asubuhi zote. Nimeshuka ofisini Moshono na sampuli ya kahawa kikapuni. Neema, mjukuu wangu, karani wa kikundi chetu cha wakulima, kachomeka waya ukutani. Kompyuta ikanguruma. Simu ikalia ule mlio wake wa paka aliyekanyagwa, ndiyo intaneti hiyo. Ukurasa wa mnunuzi wetu wa ng'ambo ukaanza kuja. Kabla haujaja, kikatokea kile kidirisha. Kipo kila siku. Alama ya njano, maneno ya Kiingereza. Neema akabonyeza ndiyo. Kikaja kingine. Ndiyo. Kikaja kingine tena. Ndiyo. Hajasoma hata kimoja. Mkono unakwenda wenyewe kama wa mtu anayefukuza nzi.

Mimi bibi yake nikamwuliza kinasema nini. "Kawaida tu, Koko." Nikamwambia sijauliza kama ni kawaida, nimeuliza kinasema nini. Ndipo akasoma. Eti cheti cha usalama cha ukurasa huu kina tatizo, je, unataka kuendelea?

Msichana ana Fomu Foo. Ada nimelipa mimi, kwa ndizi na maziwa. Anaambiwa kuna tatizo, anajibu ndiyo.

Meneja Godlisten akacheka. Mchaga wa Machame huyo, ana stashahada ya biashara, ameitundika ukutani. "Mama Mwenyekiti, hizo ni kelele za mashine. Fundi nimeshamwambia." Alishamwambia tangu kahawa ikiwa maua. Sasa tumeichuma, tumeikausha, fundi bado yuko njiani. Anatembea kwa magoti?

Jumatano, 6 Oktoba

Goti linauma. Hasira pia.

Mbwa akibweka kila siku, mtu mwenye akili hutoka nje walau mara moja aone anabwekea nini. Hawa wamejifunza kulala huku anabweka.

Nimesaini makaratasi ya kahawa yaliyotoka kwenye mashine. Jioni Neema kachomoa waya ukutani kama kawaida, amri ya Godlisten, anaogopa radi. Anaogopa radi, haogopi tatizo.

Ijumaa, 8 Oktoba

Mnunuzi amekataa kahawa yetu.

Neema amesoma jibu lake mara mbili. Wanasema makaratasi tuliyowatumia yanaonyesha ni kahawa ya zamani, imelala ghalani miaka. Hawanunui kahawa ya zamani. Wanatupa mpaka Ijumaa ijayo tujieleze, la sivyo watachukua ya watu wengine.

Kahawa ya zamani! Nimeichuma mwenyewe kuanzia Julai, punje nyekundu tu, mbichi naziacha mtini. Nimeianika, nimeigeuza, mvua ikinusa tu naifunika kabla sijajifunika mimi. Leo mtu ambaye hajawahi kuuona Mlima Meru ananiambia nimemuuzia takataka.

Na si yangu peke yangu. Zamani tulikuwa na mnunuzi mmoja, chama cha ushirika, tukalalamika. Biashara ikafunguliwa, sasa kila mwenye lori ni mnunuzi, anakuja na mizani yake iliyopinda. Mimi ndiye niliyesimama mbele ya watu nikasema: msiwauzie hao, subirini, tutauza wenyewe moja kwa moja. Wakasubiri. Wajane wamesubiri. Wenye watoto shuleni wamesubiri. Kwa neno langu.

Godlisten anasema mnunuzi amekosea. Neema analia. Hakuna anayejua kilichotokea. Nimewaacha nikapanda nyumbani, sikumuaga mtu.

Jumapili, 10 Oktoba

Habari imefika kanisani kabla yangu. Mzee Anaeli, jirani yangu, amenisubiri nje ya ibada, kofia mkononi, meno yote nje. "Mwenyekiti, shikamoo zetu. Kumbe ghala lako linatunza kahawa ya enzi za chama?" Watu wakacheka. Huyo nilimpa mbegu za maharage mwaka wa njaa. Na maharage yangu aliyala.

Nikamwambia akafue kofia kwanza, inanuka kuliko kahawa yoyote ya zamani. Wakacheka tena, safari hii upande wangu. Lakini kicheko hakiuzi kahawa.

Lori la wanunuzi limeegeshwa njia panda, chini ya kanisa kabisa. Wamesikia harufu ya mzoga. Mama Ndeshi, mwanachama wetu, amewapelekea magunia yake jana. Hakunitazama leo. Simlaumu. Namlaumu.

Jumatatu, 11 Oktoba

Nimefika mapema, nimesimama nyuma ya kiti cha Neema. Mashine ikawaka. Kidirisha kikaja. Mkono wa mtoto ukaenda.

Nikaushika.

Nikamwambia, mnunuzi anasema kuna jambo kwenye makaratasi yetu. Makaratasi yanatoka kwenye mashine hii. Mashine hii inapiga kelele kila asubuhi. Na wewe bado unaibonyeza ndiyo?

Godlisten akaingilia. Eti tutume tena makaratasi yale yale, na barua nzuri ya kuomba radhi. Kuomba radhi kwa lipi? Hata kosa hatulijui, tutaombaje radhi?

Nilikuwa na jani la isale kikapuni. Nililikata asubuhi kwenye mpaka wa shamba. Nimelifunga kwenye kioo cha kompyuta, limezunguka mbele na nyuma, fundo moja. Nikasema haigusi mtu mpaka fundi aje.

Neema karudisha kiti nyuma. Godlisten akacheka, lakini mikono kaiweka mifukoni. Nikamwambia acheke vizuri, kwao Machame jani ni hilo hilo. Sisi Wameru na nyinyi Wachaga tunatofautiana kwa mengi, kwa hilo hatutofautiani. Likifungwa kwenye kitu, hakiguswi mpaka watu wazungumze. Nani atalifungua? Msomi gani?

Jumanne, 12 Oktoba

Hakulifungua. Anazunguka meza kwa mbali kama kuku anayeona nyoka. Barua zote ameandika kwa mkono. Mwandiko mbaya.

Fundi hajaja. Wengine watatu wameuza kwa lori.

Wananiuliza njiani: Mama, umefunga mashine au umefunga kahawa yetu? Nimewaambia wapite.

Jumatano, 13 Oktoba

Nimemfuata fundi mwenyewe. Ana kibanda Engutoto, redio na kompyuta zimejaa mpaka mlangoni. Lomayani, kijana wa Kiarusha, ana adabu. Kaniamkia, kanipa kiti. Nikamuuliza kwa nini anatuchezea tangu kahawa ikiwa maua.

"Kikundi gani, Koko? Godlisten yupi?"

Hakuwahi kuitwa. Hata mara moja.

Nimekaa pale kwenye kiti. Ningekuwa na fimbo, na Godlisten angekuwa karibu, leo ningelala polisi. Msimu mzima ananiangalia machoni, nimeshamwambia, nimeshamwambia. Kumbe hakumwambia mtu. Alishaamua ni kelele, basi ni kelele. Mimi mwanamke wa darasa la pili wa kunyamazishwa.

Alhamisi, 14 Oktoba

Ni sikukuu, ofisi za watu zimefungwa. Yetu nimeifungua mimi.

Lomayani kafika, kaona jani, kasimama. Kauliza nani kalifunga. Nikasema mimi. Akasema basi ulifungue wewe, Koko, mimi hapo siweki mkono. Godlisten akatazama dirishani.

Nikalifungua. Nikasema mbele yao: sasa tuzungumze.

Kijana kachomeka waya, kidirisha kikaja. Hakubonyeza. Alikisoma chote, midomo inacheza. Halafu akaweka kidole kwenye pembe ya chini ya kioo, pale penye saa. Akamuuliza Neema, hapa ni lini?

Neema akainama. Akaziba mdomo.

Mashine inaamini ni miaka mitano iliyopita, mwezi wa kwanza. Ndani yake kuna betri ndogo kama kifungo cha koti, ndiyo inayotunza siku. Imekufa. Kila Neema akichomoa waya jioni, mashine inasahau yote, asubuhi inaamka ikidhani ni siku ile ilipotengenezwa. Ukurasa wa mnunuzi una cheti chenye tarehe ya kuanza. Kwa mashine yetu, siku hiyo bado haijafika. Ndiyo maana inalia kila asubuhi: cheti hiki si sawa, si sawa. Na makaratasi ya kahawa inayaandika tarehe hiyo hiyo ya uongo. Kahawa ya Julai imevunwa mwaka ambao kikundi hiki hakijazaliwa.

Kitu kilikuwa kinatuambia. Kila siku ya Mungu. Tukakibonyeza ndiyo.

Nimeomba nione makaratasi. Tarehe ipo juu, wazi, namba kubwa. Na chini kuna saini yangu. Yangu. Kiingereza sijui, lakini namba na maandishi nilifundishwa kwenye kisomo cha watu wazima, hakuna wa kunisingizia ujinga. Niliwekewa karatasi, nikapewa kalamu, nikasaini huku namsema Neema kwamba hasomi.

Nikairudisha karatasi mezani. Godlisten hakuitaja saini hiyo, na hapo ndipo nilipomchukia zaidi, maana angeweza.

Betri imewekwa. Saa imesahihishwa. Ukurasa ukafunguka kimya, hakuna kidirisha. Kimya hicho kilinisumbua. Kelele zake nilishazizoea hata mimi.

Ijumaa, 15 Oktoba

Makaratasi mapya yamekwenda asubuhi. Nimesoma kila mstari wenye namba, kidole kwenye karatasi. Godlisten alingoja amesimama. Angoje.

Mchana mnunuzi kajibu. Maelezo ameyapokea. Kahawa iliyobaki anaichukua.

Iliyobaki. Karibu nusu imeshaondoka na lori la njia panda, kwa bei ya aibu. Hiyo hairudi. Neema alitaka kunikumbatia, nikamwambia afunge madirisha twende.

Nimeamua Godlisten aondoke. Jumatatu nitawaambia kamati. Neno nimeshalipanga.

Jumamosi, 16 Oktoba

Nilikuwa nakata majani ya ng'ombe. Mbwa kabweka, nikatoka. Godlisten kapanda mlima kwa miguu, viatu vimejaa vumbi, tai hana. Mkononi ana jani la isale, kalishika kwa mikono miwili. Kapiga goti pale pale kwenye matope ya zizi.

"Mama, nimekuja na hili."

Hakuleta stashahada.

Nilitamani nisilione. Nilitamani macho yangu mabovu yawe mabovu zaidi. Neno langu la kamati lilikuwa tayari mdomoni, tamu. Lakini isale ya kuomba radhi haikataliwi. Mama yangu aliipokea kwa mtu aliyemchomea nyumba. Mimi ni nani.

Nimelipokea. Nimemwambia anyanyuke, anachafua suruali. Nimempa chai. Amekunywa yote, tumekaa. Mlima ulikuwa wazi. Hasira bado ipo, lakini imekaa chini.

Alipoondoka nimelitazama lile jani juu ya meza. Kosa lake ni lake. Mama Ndeshi na wale wengine walioliendea lori, hao hawakukosewa na Godlisten peke yake. Saini ni yangu.

Neema, kesho kabla ya ibada pita mpaka wa shamba, unikatie isale nzuri, ndefu, isiyo na tundu. Naipeleka mwenyewe mbele ya wanachama kuomba radhi, na Mzee Anaeli acheke mpaka achoke. Na Jumatatu, mashine ikisema neno lolote, toa mkono, lisome lote kwa sauti, na uniite.