Tutaliangalia, Mama

Jumapili jioni, mwezi wa saba.

Baridi ya leo imeingia hadi kwenye magoti. Manyunyu yalianza tukiwa kanisani na mpaka sasa hayajakatika. Nguo alizofua mke wangu, Mama Mwende, bado zinaning'inia jikoni, zinanuka moshi wa makaa. Nimechoka, na si uchovu wa kazi, maana leo sikufanya lolote zaidi ya kumsaidia mke wangu kufunga sanduku.

Siku za kazi mimi ni karani wa ghala la vipuri huko Eneo la Viwanda. Jumamosi mchana nageuka Mwenyekiti. Kamati ya wapangaji wa mtaa wetu hapa Kaloleni imenichagua kwa mara ya pili. Tunakaa ukumbini, mimi katikati, katibu wangu Mzee Barasa upande wa kulia. Huyu alikuwa akichochea makaa kwenye garimoshi kabla ya kustaafu, na sauti yake bado ni ya kushindana na injini. Wenye shida hukaa kwenye benchi refu na kusogea mmoja mmoja. Bomba linavuja. Jirani amefungulia redio hadi masufuria yanatetemeka. Mke na mume hawasemezani.

Naipenda kazi hiyo, siwezi kudanganya. Pale ukumbini watu hunipigia makofi. Nyumbani sijawahi kupigiwa makofi hata siku moja.

Kuna neno nimelizoea. Jambo likiwa halina jibu, au likiwa na jibu litakalomuudhi mtu, ninakohoa kidogo na kusema, "Tutaliangalia." Mtu huondoka ameridhika, na mimi napumua. Barasa hunitania kwamba siku nikifa watalichora kwenye msalaba wangu.

Sikujua nimelibeba hadi nyumbani.

Mama mkwe wangu anaishi peke yake huko Kibwezi. Watoto wanamwita Susu, kama tunavyowaita nyanya zetu kwetu Ukambani. Macho yamemwisha. Wakati wa mvua kubwa aliungua mkono akiinjika uji, na tangu siku ile Mama Mwende ananiuliza swali moja tu: aje akae nasi, au asije?

Mtu wa nje ataliona swali dogo. Lakini kwetu mwanamume na mama mkwe wake hukaa mbalimbali, ndiyo heshima. Sijawahi kula mbele ya yule mama. Tukikutana njiani, mmoja wetu huacha njia. Sasa atalala vipi katika nyumba ya vyumba viwili, ambamo nikipiga chafya chumbani aliye jikoni ananiombea afya? Nawaza watakayosema wazee wa ukoo. Nawaza aibu yake yeye mwenyewe, mama wa watu. Nawaza nitapita wapi na taulo kiunoni nikienda kuoga. Halafu nawaza ule mkono ulioungua, na hapo akili yangu inasimama kama punda aliyechoka.

Basi namwambia mke wangu, "Tutaliangalia, Mama Mwende." Na yeye hurudi jikoni.

Jana kikao kilikuwa kirefu. Nilikuwa katikati ya kesi ya kijana mmoja na redio yake nilipoinua macho nikamwona Mama Mwende amekaa mwisho wa benchi. Amefunga kile kitambaa chake cha kanisani, mikono magotini. Nilidhani ameniletea ufunguo, nikamwashiria aje mbele. Akatikisa kichwa. Akaonyesha watu waliomtangulia, kisha akasogea kidogo tu, kama wao, kila nafasi ilipopatikana.

Nilimaliza zile kesi nyingine bila kujua nasema nini. Zamu yake ikafika. Akasimama.

"Hamjambo, wazee. Hata mimi ni mpangaji, kwa hivyo nimekuja na shida yangu. Mwenyekiti, niko na shida na bwana yangu."

Ukumbi mzima ukacheka. Hata mimi nilicheka, nikitumaini ni mzaha. Hajawahi kuniita Mwenyekiti. Mimi kwake ni Baba Mwende tangu msichana wetu alipozaliwa.

"Nimemuuliza neno moja tangu wakati wa mvua," akaendelea, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Si kwamba anakataa. Angekataa ningejua. Na si kwamba anakubali. Hapo nyumbani hana nafasi ya kunisikiza, lakini nasikia hapa anasikiza kila mtu. Ndio nikasema nipange laini."

Kicheko kikafifia. Barasa hakuwa amecheka tangu mwanzo. Akaweka kalamu chini na kunigeukia. "Haya, Mwenyekiti. Mama amesema. Utamjibu nini?"

Watu wote wananitazama. Na mimi, Mungu wangu, nikakohoa kidogo.

"Tutaliangalia, mama."

Lilitoka lenyewe. Tena nilisema "mama" hivi hivi, kama ninavyomwita mtu yeyote nisiyemjua jina.

Hakuna aliyecheka safari hii. Mama Mwende akasema, "Asante, Mwenyekiti," akatoka. Nilitaka kumfuata. Lakini palikuwa na mtu mwingine kwenye benchi, mzee mmoja mwenye neno la mtaro, nikaketi nikamsikiliza hadi mwisho. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Niliketi.

Tulipokuwa tunafunga ukumbi Barasa aliniambia, "Mimi nimekuwa katibu wako na sijawahi kukuingilia. Lakini leo umefunga kikao vibaya sana, ndugu yangu." Nikafunga kufuli. Tulitembea pamoja mpaka kwake.

Leo kanisani Mama Mwende alikaa na watoto upande wa pili. Chakula cha mchana kilikuja kikiwa cha moto, kwa wakati, na kimya. Afadhali angenigombeza. Mwende, ambaye sasa ana maringo ya wasichana wa sekondari, aliniwekea maji ya kunawa na kuninong'oneza, "Baba, huko mferejini wanakuongelea." Nikamwambia najua. Akaniuliza, "Na utafanya nini?" Nikafungua mdomo, nikaliona lile neno limekaa pale mbele ya ulimi tayari kuruka, nikaufunga.

Alasiri ndipo nilipomfuata Mama Mwende chumbani. Sanduku lilikuwa wazi kitandani. Gauni lake, nguo za kitinda mimba wetu, blanketi la Susu ambalo alikuwa amelinunua kimya kimya.

Nikamweleza yote. Heshima, wazee, vyumba viwili, taulo. Aliponisikia nataja taulo alitabasamu kidogo, nami nikapata matumaini ya kijinga. Nikamwambia kweli yenyewe: naogopa. Naogopa kusema ndiyo nikavunja adabu ya wazazi wangu, na naogopa kusema hapana nikamvunja yeye.

"Sasa unaona," akasema. "Hayo ungeniambia wakati wa mvua, tungeogopa pamoja. Pengine tungeenda kwa mjomba wako hapo Makadara, akatuonyesha njia ya mila. Wewe umeniacha niogope peke yangu, Baba Mwende."

Aliniita Baba Mwende. Nilikaribia kulia, mtu mzima.

Anaondoka kesho na mtoto mdogo. Mwende atabaki nami kwa sababu ya shule. Anakwenda kumpikia mama yake, kwa kuwa hakuna mwingine, na kwa kuwa uji hauwezi kungoja kamati. Sikumzuia. Ningemzuia kwa maneno gani?

Nilimsaidia kufunga sanduku, mimi nikikandamiza kifuniko, yeye akivuta kamba. Nikamuuliza, kwa sauti niliyojaribu kuifanya ya kawaida, "Na mtarudi lini?"

Alifunga fundo. Akalikagua. Akakohoa kidogo, kama mimi.

"Tutaliangalia."

Hakulisema kwa hasira, wala kwa kunicheka. Alilisema kwa uchovu tu, akaenda kuepua ugali. Nikabaki nimesimama na lile neno, sijui kama nimepewa ndiyo au hapana, sijui nimngoje mwezi huu au mwaka ujao, na sina wa kumuuliza. Kumbe ndivyo neno hilo lilivyo kwa aliyekaa upande wa benchi.

Sasa nasikia anawaita watoto waje kula. Bado hajaniita mimi. Mvua ikipungua nitavaa koti nitembee hadi Makadara kwa mjomba, nibishe hodi hata kama watakuwa mezani. Basi la Kibwezi huondoka asubuhi. Nitakuwa na jibu la kumpa kabla basi halijawashwa, au nitampungia mkono tu dirishani?